Anatomia na Patholojia Zisitenganishwe Darasani

KUNA neno moja la Kiswahili ambalo huwatatiza sana wanafunzi wetu wa utabibu wanapoingia wodini kwa mara ya kwanza, nalo ni mshipa. Wengi wao wamefunzwa kwamba mshipa ni njia ya damu mwilini. Fasiri hiyo ni sahihi lakini haitoshi. Mswahili huita mshipa ile njia ya damu, akaita mshipa ile neva iletayo maumivu kutoka kiunoni hadi kisiginoni, na papo hapo akaita mshipa ule uvimbe unaomtokea mwanamume kinenani au katika mfuko wa korodani. Mzee akimwambia daktari kijana, "Mwanangu, mshipa umenishuka," hazungumzii ateri wala vena. Anazungumzia ngiri au pengine busha, na haya imemfanya achague neno la stara.

Mimi ni mwalimu wa isimu, si tabibu. Shahada yangu ya udaktari ni ya vitabu tu, wala haiwezi kumponya hata kuku mwenye kideri. Lakini vyuo vikuu vyetu huwataka wanafunzi wa mwaka wa kwanza wasome stadi za mawasiliano, na kwa miaka kadhaa nimepata kuwafunza somo hilo wanafunzi wa utabibu. Baadhi yao hurejea kunisalimu wakiwa wamefika mwaka wa tatu au wa nne. Mmoja wao ndiye aliyenisimulia kisa cha mzee na mshipa wake. "Mwalimu," alisema, "nilimshika mzee wa watu kifundo cha mkono nikaanza kutafuta mapigo ya damu!" Wenzake walicheka, naye akacheka.

Hata hivyo, kilichomkera hasa hakikuwa kule kutolielewa neno. Daktari mkuu wa wodi alipomfafanulia kwamba mgonjwa ana ngiri, kisha akamwuliza utumbo umepitia njia gani hadi kufika pale, kijana alikwama. Aliwahi kuikariri njia hiyo katika mwaka wa kwanza na akafaulu mtihani. Katika mwaka wa tatu alisoma ngiri ni nini, na huko nako akafaulu. "Nilikuwa nayajua yote mawili," aliniambia, "ila hayakuwa yamewahi kukutana kichwani mwangu."

Kauli hiyo ndiyo iliyonisukuma kuandika makala haya.

Anatomia ni elimu ya maumbile ya mwili: viungo, mahali vilipo, na jinsi vinavyoshikana na kupakana. Patholojia ni elimu ya maradhi: ni nini hubadilika katika kiungo kinapougua, na kwa sababu gani. Katika mpangilio wa jadi, anatomia husomwa mwanzo kabisa, mwanafunzi akiwa ndiyo kwanza ameingia chuoni, ilhali patholojia humngoja mbele, aghalabu mwaka wa tatu. Kila somo lina idara yake, jengo lake, mkuu wake na mtihani wake. Nimewahi kufanya kazi katika chuo ambako majengo ya idara hizo mbili yalitazamana, na wahadhiri wake walikutana kwenye mazishi tu.

Mpangilio huu haukuteremka kutoka mbinguni. Nchini Marekani uliimarishwa na ripoti ya Abraham Flexner ya mwaka 1910, mwalimu ambaye yeye mwenyewe hakuwa daktari, jambo ambalo hunipa moyo ninapoandika haya. Flexner alivikuta vyuo vingi vya utabibu nchini humo vikiwa maduka tu ya kuuza shahada. Alidai mwanafunzi atumie miaka miwili katika maabara akisoma sayansi za msingi, kisha miaka miwili hospitalini. Ilikuwa dawa ya ugonjwa wa wakati huo, na ilifaa. Huku kwetu, shule ya utabibu ya Makerere iliyoanza mwaka 1924 na ile ya Nairobi iliyoanza mwaka 1967 zilirithi mpangilio wa Waingereza, nao vilevile ulikuwa na ukuta kati ya miaka ya maabara na miaka ya wodi. Kila ukuta ukishajengwa hupata walinzi.

Sasa tuitazame hiyo njia ya ngiri iliyomkwamisha kijana wetu. Juu kidogo ya kinena, ndani ya ukuta wa tumbo, pana mfereji mfupi unaokwenda mshazari, wenye urefu wa takriban sentimita 4 kwa mtu mzima. Wanafunzi wa anatomia huuogopa mno. Hutakiwa waikariri sakafu yake, dari yake, ukuta wa mbele na wa nyuma, mlango wa kuingilia na wa kutokea, kana kwamba wanakwenda kuinunua nyumba. Ukimwuliza mwanafunzi mfereji huo una kazi gani, atakutajia vinavyopita ndani yake kisha atanyamaza.

Jibu limo katika safari ya korodani. Mtoto wa kiume akiwa angali tumboni mwa mamaye, korodani zake hufanyika juu, upande wa nyuma wa tumbo, karibu na figo. Miezi ikisonga huteremka, zikaupenya ukuta wa tumbo kupitia mfereji huo, na kwa kawaida huwa zimekwisha kufika katika mfuko wake mtoto anapozaliwa. Katika safari hiyo hufuatana na kijifuko kilichotokana na ule utando unaofunika matumbo. Kijifuko hicho hutakiwa kijizibe. Kisipoziba, na mlango wake ukawa mpana, kipande cha utumbo huweza kuteremkia humo, na hiyo ndiyo ngiri. Mlango ukiwa mwembamba kiasi cha kupitisha maji tu, maji hayo hukusanyika chini, likawa ni busha la mtoto. Na hata kijifuko kinapoziba sawasawa, sehemu yake ya chini hubaki imeizunguka korodani. Humo ndimo maji hujaa kwa watu wazima walioambukizwa ile minyoo ya matende na mabusha inayoenezwa na mbu, maradhi ambayo watu wa pwani yetu, tangu Kwale hadi Lamu, hawahitaji kusimuliwa.

Tazama basi ajabu hii. Neno mshipa, ambalo mwanafunzi aliliona la ovyo kwa kuwa linachanganya ngiri na busha, limeyaweka pamoja maradhi mawili ambayo mara nyingi asili yake ni kijifuko kimoja. Sisemi kwamba wahenga waliijua elimu ya mimba. Waliuona uvimbe mahali pamoja wakaupa jina moja, basi. Lakini hawakukosea mahali.

Daktari akitaka kuyatenganisha maradhi hayo, huanza na vidole vyake. Hujaribu kuvikutanisha juu ya uvimbe. Vikikutana, uvimbe umeanzia katika mfuko wa korodani na yamkini ni busha; visipokutana, uvimbe unapanda hadi kinenani na kuingia tumboni, na hapo ngiri hudhaniwa. Humulika pia kwa tochi, kwani maji hupitisha nuru. Je, ujuzi huo ni wa anatomia au ni wa patholojia? Wala si jambo la mchezo. Utumbo ukinaswa katika mlango ule, damu hukatika, na mgonjwa asipopasuliwa upesi kipande kile huoza naye akafa. Daktari kijana aliye zamu peke yake usiku, katika hospitali iliyo mbali na mji, hana wasaa wa kwenda kulitafuta daftari la mwaka wa kwanza ili aliunganishe na la mwaka wa tatu.

Nimesema kwamba kazi yangu ni lugha, na lugha zetu hazikuwahi kukitenga kiungo na ugonjwa wake. Mtu akisema "fulani ana kifua" hamaanishi kwamba sisi wengine hatuna. Tuna kifua kikuu, tuna tumbo la kuendesha, tuna homa ya ini na homa ya uti wa mgongo. Na tuna mtoki, neno ninalolipenda kuliko yote haya, ambalo ni uvimbe wa tezi za kinenani. Bibi kijijini akimwona mjukuu anachechemea na kulalamikia mtoki, hashughuliki na kinena. Humwambia, "Hebu lete huo mguu nione," akatafuta kidonda kati ya vidole. Bibi huyo hakupata kusikia kwamba limfu ya mguu hupanda hadi kwenye tezi za kinena, ila anaitumia anatomia hiyo vizuri zaidi ya mwanafunzi aliyeikariri.

Vitabu vya utabibu vinaweza kuliendeleza somo la bibi pale alipolikomesha. Kidonda au saratani ya ngozi ya mfuko wa korodani huvimbisha tezi za kinena. Saratani ya korodani yenyewe, ambayo imo ndani ya mfuko uo huo, kwa kawaida haiendi huko. Huenea kwanza kwenye tezi zilizo ndani kabisa, nyuma ya tumbo, karibu na figo. Kwa nini? Kwa sababu korodani ilianzia safari yake huko, na ilipoteremka iliburura mishipa yake ya damu na ya limfu kutoka kwao. Mwanafunzi akifunzwa safari ya korodani na uenezi wa saratani katika saa moja, hana haja ya kukariri chochote. Akifunzwa safari leo na saratani baada ya miaka miwili, atakariri mara mbili na kusahau mara mbili.

Hata istilahi za kitabibu zenyewe zinaushuhudia umoja huu. Kigiriki kina kiambishi -itis ambacho matabibu hukipachika mwishoni mwa jina la kiungo kuonyesha kuwa kimewaka uvimbe na joto. Hepar ni ini, na ugonjwa wake huitwa hepatitis. Nephros ni figo, na ugonjwa wake nephritis. Jina la ugonjwa basi ni kama sentensi fupi ambayo kiima chake ni cha anatomia na kiarifa chake ni cha patholojia. Sisi twampa mwanafunzi kiima katika mwaka wa kwanza, kisha twamwambia asubiri kiarifa.

Historia nayo ina la kusema. Katika mji wa Padua, Italia, Andreas Vesalius alifundisha anatomia kwa kupasua maiti kwa mikono yake, na mwaka 1543 akatoa kitabu kikubwa kilichosahihisha makosa mengi yaliyorithiwa kutoka kwa Galen. Katika chuo hicho hicho, Giovanni Battista Morgagni alichapisha mwaka 1761, akiwa na umri wa miaka 79, kitabu kilichojengwa juu ya takriban visa 700 vya wagonjwa ambao miili yao ilipasuliwa baada ya kufa. Kwa kila kisa alieleza mgonjwa alilalamikia nini na kiungo kipi kilikutwa kimeharibika. Watu humwita Morgagni baba wa patholojia. Lakini yeye alikuwa profesa wa anatomia! Patholojia haikuzaliwa nje ya nyumba ya anatomia; ilihama baadaye, ilipokua.

Mfano ulio karibu zaidi na taaluma yangu ni wa Paris. Katika hospitali ya Bicêtre aliishi mtu aliyeitwa Leborgne, ambaye kwa miaka 21 hakuweza kutamka ila silabi moja, tan. Aliyaelewa mengi aliyoambiwa, na alijieleza kwa ishara, lakini maneno hayakuja. Alipofariki Aprili 1861, daktari Paul Broca aliutazama ubongo wake akakuta umeharibika katika sehemu ya mbele ya upande wa kushoto. Mwaka 1874 Mjerumani Carl Wernicke akaeleza hali iliyo kinyume, ya watu wanaosema kwa wepesi maneno yasiyoeleweka wala hawaelewi wanayoambiwa, na ambao dosari yao iko nyuma zaidi katika upande ule ule. Ubongo wa Leborgne ulihifadhiwa, na mwaka 2007 watafiti walichapisha picha zake zilizopigwa kwa mitambo ya kisasa, wakaonyesha kwamba uharibifu ulizama ndani kuliko alivyoweza kuona Broca kwa macho. Kila mwanafunzi wangu wa isimu husoma habari hizi. Lau Broca angeutazama ubongo wa mtu mzima asiye na dosari, hata kwa miaka 100, asingejua lugha inakaa upande gani. Ugonjwa ndio uliomfunza anatomia.

Vyuo kadhaa vimekwisha kuubomoa ukuta huu. Mwaka 1952 chuo cha Western Reserve, mjini Cleveland, Marekani, kilianza kufunza kwa mifumo ya mwili: moyo na mishipa kwa pamoja, umbo lake, kazi yake na maradhi yake. Chuo cha McMaster cha Kanada kilipopokea wanafunzi wake wa kwanza wa utabibu mwaka 1969, kiliwaanzishia masomo kwa tatizo la mgonjwa badala ya kwa jina la somo. Huku kwetu, Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, kilifuata njia hiyo tangu mwanzo wa miaka ya 1990, na Makerere nayo ikageukia huko mwaka 2003. Kwa hiyo nisemayo si ndoto za mwanaisimu. Lakini kuwa na mtaala kwenye karatasi ni jambo moja, na kuwa na mhadhiri wa anatomia na wa patholojia wamesimama mbele ya meza moja ni jambo jingine.

La kuchekesha ni kwamba shule zetu za upili zimelifanya hili bila kelele. Katika mtaala wa 8-4-4, mwanafunzi wa kidato cha pili aliposoma moyo na mishipa ya damu, mada ilimalizika kwa maradhi ya moyo na mishipa. Aliposoma mapafu, alisoma hapo hapo pumu, nimonia na kifua kikuu. Mwalimu wa baiolojia hakumwambia angoje miaka miwili. Mtoto wa miaka 15 aliaminiwa kuweza kuyabeba yote mawili, na alipofika chuo kikuu akaonekana hawezi.

Wapo wanaopinga, na hoja yao ya kwanza ni kwamba huwezi kulijua kosa kabla ya kulijua lililo sahihi. Inasikika vyema. Lakini sisi walimu wa sarufi tunajua kwamba sahihi na kosa hufunzwa bega kwa bega. Wanaisimu huiandika sentensi isiyokubalika na kuitilia alama ya nyota mbele yake, kisha huiweka chini ya ile inayokubalika. Mtoto anayezaliwa katika Kiswahili husema "kitabu changu" maisha yake yote bila kuona kanuni yoyote hapo. Siku atakapomsikia mtu akisema "kitabu yangu", ndipo atakapotambua kwamba ipo kanuni. Ngiri ni nyota iliyowekwa mbele ya mfereji wa kinena.

Hoja ya pili naiheshimu zaidi. Wataalamu wa anatomia wanahofia kwamba masomo yakiunganishwa, somo lao litamezwa. Hofu hiyo ina msingi. Katika nchi kadhaa zilizounganisha masomo, saa za anatomia zilipunguzwa, na madaktari wa upasuaji wakalalamika kwamba wanaletewa vijana wasiojua ateri ipi inapita wapi. Muungano wa namna hiyo siutetei. Anayetaka kuunganisha ili apunguze gharama aseme hivyo waziwazi, asijifunike shuka la elimu. Ukweli mwingine ni kwamba wataalamu wa patholojia ni wachache, na hao wachache huzongwa na kazi za maabara na za mahakama. Kumwomba mmoja wao aje darasani kila siku ni kumwonea.

Lakini kuna jambo ambalo halihitaji fedha nyingi wala kuvunja idara yoyote. Chuo kinaweza kumwalika mtaalamu wa patholojia katika chumba cha kupasulia maiti, walau mara moja kwa majuma mawili. Kila kikundi kiwe na daftari la kuandikia kila kisicho cha kawaida kinachokutwa katika maiti wake: kovu la upasuaji wa zamani, vijiwe vya nyongo, pafu lililojaa weusi wa moshi, moyo uliotanuka. Katika mtihani wa mwaka wa kwanza pawe na maswali yaliyotungwa na idara zote mbili pamoja, maadamu mwanafunzi wetu, tuseme kweli, husoma kile kitakachotahiniwa.

Daftari hilo nalitaja kwa sababu ya jambo jingine alilonieleza yule kijana kabla hajaaga. Maiti wengi wanaosomewa katika vyuo vyetu ni watu ambao jamaa zao hawakupatikana. Hawakuja na jina wala na historia ya ugonjwa, ila kila mmoja wao alikufa kwa jambo fulani. Katika mwaka wa kwanza, kikundi cha kijana huyu kilipolifikia ini la maiti wao, kilikuta limejaa vinundu, gumu kama ngozi ya kiatu. Walimwita mhadhiri. Alilitazama, akatikisa kichwa, akawaambia waliache, hilo wangelisoma mwaka wa tatu. Wao waangalie tu mipaka ya ini na mishipa inayoingia. Walitii. Mwaka wa tatu walipofika kwenye mada ya maradhi ya ini, mhadhiri mwingine aliwaonyesha picha ya ini lenye vinundu ukutani, na kijana akakumbuka. Alipotoka darasani alikwenda kwenye chumba kile kuuliza. Mhudumu akamwambia kwamba maiti wa mwaka ule walikwisha kuzikwa zamani.